Pongezi kwa Wanaokosea Makusudi

Mwanafunzi wa Kindu, nchini Kongo, anayejifunza lugha ya programu ya Python usiku, kando ya mto Lualaba, mara nyingi hana mwalimu ila ujumbe wa kosa. Nao zamani ulipotosha. Kabla ya toleo la 3.10 la Oktoba 2021, ukisahau kufunga mabano mara nyingi uliambiwa tu kwamba sintaksia si sahihi, na huenda ukaonyeshwa mstari unaofuata, usio na hatia yoyote! Sasa unaambiwa mabano hayakufungwa, na unaonyeshwa palepale yalipofunguliwa.

Kichanganuzi kipya cha toleo la 3.9, yaani sehemu ya Python inayosoma msimbo, ndicho kilichofungua njia. Lakini sifa zangu nawapa waandishi wa majaribio ya Python yenyewe. Katika faili la test_syntax.py wameandika msimbo mbovu kwa makusudi: hapa nukta mbili zimesahauliwa, pale koma imeachwa, na chini ya kila kosa pana maneno hasa yanayotarajiwa. Majaribio mengine hukagua hata namba ya mstari na nafasi ya herufi. Mtu akigusa kichanganuzi na ujumbe ukaharibika, jaribio linafeli papo hapo. Kazi ya kuchosha, bila shaka. Wengi wetu hupima msimbo sahihi tu, tukaridhika. Hongereni sana. Ila ujumbe wenyewe ungali wa Kiingereza, na Kindu watu husoma kwa Kifaransa.