Kerubi, Asumini na Yungiyungi: Tatizo la Kutaja Alama za Baroki kwa Kiswahili katika Kazi za Kehinde Wiley

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Hadhi hiyo huambatana na wajibu: lugha rasmi hudaiwa maneno kila mahali umma unapohudumiwa, majumba ya sanaa yakiwemo. Mhakiki anayetaka kueleza mchoro kwa Kiswahili katika Jumba la Makumbusho la Sanaa lililopo Kanombe, hapa Kigali, hukutana na tatizo la istilahi kabla ya tatizo la nadharia. Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kupitia alama mbili za uchoraji wa Baroki, yaani watoto wenye mbawa na maua, kama zinavyojitokeza kwa sura mpya katika kazi za Kehinde Wiley, mchoraji Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1977 kwa baba Mnigeria. Tunadai kwamba tafsiri ya neno kwa neno humwonyesha mtazamaji wa Afrika Mashariki picha isiyokuwepo mbele yake.

2.0 Kerubi au Malaika?

Rubens na Jan Brueghel Mkubwa walishirikiana, takriban mwaka 1616 hadi 1618, kumchora Bikira Maria akiwa ndani ya shada la maua. Katika mchoro huo, uliohifadhiwa Munich, watoto wanene wenye mbawa wamelizunguka shada. Anayefuata mazoea ya Kiingereza atawaita makerubi. Hata hivyo, msomaji wa Biblia ya Kiswahili anawafahamu makerubi wengine kabisa: walinzi wa njia ya mti wa uzima katika kitabu cha Mwanzo, na viumbe wenye nyuso nne katika Ezekieli. Istilahi ya Kiitaliano, putto, nayo haitusaidii, kwani kwa tahajia yetu huwa puto, mpira uliojazwa hewa. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: malaika ni kiumbe wa mbinguni na pia ni mtoto mchanga. Neno hilo lina jamaa yake katika Kinyarwanda, umumarayika.

Uteuzi huu una athari katika uhakiki. Katika Go (2003), kazi ya Wiley inayomilikiwa na Brooklyn Museum, vijana weusi waliovaa nguo za mitaani wanaelea katika anga la buluu lenye mawingu, mahali ambapo dari za Baroki ziliwaweka malaika. Tukisema wamechukua nafasi ya makerubi, tunawafanya walinzi. Tukisema malaika, tunawarudishia ule utoto usio na hatia ambao kijana mweusi wa Marekani hunyimwa mara nyingi. Usomaji wa pili ndio unaoifungua kazi hiyo.

3.0 Maua Yanayosema Lugha Tofauti

Mnamo Februari 2018, National Portrait Gallery ya Washington ilizindua picha ya Barack Obama iliyochorwa na Wiley. Rais ameketi mbele ya ukuta wa majani uliochomoza maua. Krisanthemumu ni ua rasmi la Chicago. Asumini inawakilisha Hawaii alikozaliwa. Na ua la buluu la jenasi ya Agapanthus linawakilisha Kenya, nchi ya baba yake. Kama yungiyungi jeupe la Bikira Maria katika michoro ya Ulaya, kila ua hapa ni neno katika wasifu.

Mtazamaji wa Lamu au Unguja atausoma wasifu huo vingine. Kwake asumini ni ua la kikuba na koja, la harusi na la nyumbani, hivyo angeliona kuwa ndilo linalotaja Kenya. Usomaji huo haukubaliani na maelezo ya msanii, lakini una mantiki yake, maana Hawaii pia asumini hutungwa kuwa koja.

Ua la tatu lina utata mkubwa zaidi. Jina lake la Kiingereza hulitaja kuwa yungiyungi la Afrika. Kwa Kiswahili, yungiyungi ni ua la majini. Hivyo tafsiri hiyo inamchorea msomaji ziwa, na pengine Nyanza ya Wajaluo, ilhali mmea uliochorwa huota nchi kavu. Isitoshe, asili yake ni kusini mwa Afrika. Kenya imewakilishwa na mmea wa mbali kwa sababu tu jina lake lina neno Afrika. Hapa ndipo picha inapodhoofika: Chicago imepewa ua lake yenyewe, Kenya imepewa ua la bara zima.

Inaweza kupingwa kwamba msanii ndiye mwenye alama zake, na mtazamaji hana budi kuzipokea. Tunakubali kwamba kauli ya msanii ni ushahidi. Hata hivyo, alama inayotegemea jina la ua haiwezi kukwepa lugha ambamo jina hilo linasomwa.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba maelezo ya michoro kwa Kiswahili yatenganishe mambo matatu: mmea au kiumbe aliyechorwa, maana aliyokusudia msanii, na maana iliyomo katika Kiswahili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na BAKIZA zinaweza kuanza na orodha fupi ya istilahi za sanaa iliyokaguliwa na wachoraji na wataalamu wa mimea. Bila kazi hiyo, mwanafunzi wa Kigali atasoma kuhusu yungiyungi, atazame mchoro, asilione.