Mgawanyo wa Nyuso katika Filamu ya "Hatari!"

"Hatari!" ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa kwa sehemu kubwa katika nyika zinazouzunguka Mlima Meru, ni kazi ya fundi aliyekomaa. Tukio la kumkimbiza faru linaloifungua limejengwa kwa subira: gari, vumbi, mnyama, kisha pembe, na kwa kuwa waigizaji, John Wayne akiwemo, walipanda wenyewe magari ya kunasia wanyama, kamera ya Russell Harlan inaweza kuwasogelea bila hila. Ubaguzi wa filamu hii nautafuta katika ufundi huohuo, kwa sababu haukai katika matusi bali katika umbo.

Waafrika wamo karibu katika kila windo. Wanaruka kutoka kwenye lori, wanashika kamba, wanamdhibiti mnyama. Hata hivyo, mkato unapohitaji hofu au ushindi, uso unaosogezewa kamera ni wa Mzungu. Kazi inaonyeshwa kuwa ya wote, ilhali hisia zinazotokana nayo zimekabidhiwa wachache.

Kisa cha damu kinaudhihirisha mgawanyo huu zaidi. Mhusika aitwaye Indian, anayeigizwa na Bruce Cabot, anajeruhiwa na faru, na Mfaransa Chips, mgeni asiyependwa na kundi la wanasaji wanyama, anamtolea damu ya aina adimu. Kwa tendo hilo anapata nafasi mezani pamoja na Mmarekani, Mjerumani na Mmeksiko. Miaka 17 tu baada ya Vita Kuu ya Pili, huu ni udugu mpana kwelikweli, na Hawks anausimulia kwa upole unaogusa. Lakini Mwafrika haingii humo, ingawa nchi ni yake.

Undugu na Mwafrika unakuja kwa njia nyingine: rangi ya kupaka. Dallas, mpigapicha anayeigizwa na Elsa Martinelli, anawalea ndama wa tembo, na Waarusha wanampa jina la Mama Tembo na kumpaka weusi mwilini. Mtazamaji wa Olmotonyi, kwenye miteremko ya Waarusha wenyewe, anajua kwamba huku mtu hupata mahali pake kupitia ukoo na rika, kwa miaka ya wajibu. Katika filamu sherehe hiyo ni pambo la hadithi ya mapenzi. Weusi unavaliwa, unatazamwa, kisha unaoshwa, kama ulivyofanywa kwenye majukwaa ya Marekani tangu karne ya 19, Wazungu walipojipaka masizi ili kuwaigiza watu Weusi kwa dhihaka. Hawks hakusudii dhihaka hiyo. Ameirithi sarufi yake tu, na urithi wa namna hii, usiohitaji nia mbaya, ndio unaonishughulisha.

Halafu kuna nyika yenyewe, na picha pana za Momella, chini ya Mlima Meru, zinazovutia sana. Mwaka 1951, jirani na hapo, Ngare Nanyuki, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili walowezi wapate ardhi. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mmeru alikuwa amekwisha kusikika New York kwa sauti yake, akidai ardhi hiyo kwa hoja. Miaka 10 baadaye fremu ya Hollywood inaionyesha ardhi hiyohiyo kama uwanja wa wanyama na wageni, na uzuri wa upana wake unategemea kutoonekana kwa mashamba, maboma na watu waliokuwa na madai juu yake.