Ampli mpya, «Masanga» ya zamani

Tangu nimebadilisha ampli ya nyumbani, bafle zikibaki zile zile, nimeshasikiliza «Masanga» ya Mwenda wa Bayeke zaidi ya mara ishirini. Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kwa ampli ya kwanza gitaa yote ilishikamana kama bukari. Sasa minasikia kidole gumba kinatembeza besi peke yake, na kidole cha pili kinacheza huku juu: mtu ni mmoja, lakini unaweza kuapa iko wawili. 

Ila ampli nzuri haifichi kitu. Kopi tuliyotumiana kwa WhatsApp inachemka huku juu kama mafuta ya moto, na katikati ni tupu. Ile ya CD inapumua. Kwa hiyo, ndugu zangu, tukisema «miziki ya wazee ilirekodiwa vibaya», tunawasingizia. Mikrofoni ya 1952 ilifanya kazi yake. Njo sisi tunaibana wimbo mpaka unakauka. Na wati nyingi hazisaidii hapo: mimi nasikilizia sauti ndogo, usiku, kama umeme uko.