Sifa ya Rubani Anayejua Kusimama

Watu humsifu rubani kwa namna anavyopaa na anavyotua. Mimi namsifu kwa kazi anayoifanya magurudumu yakiwa bado chini: kuitembeza ndege ndogo kutoka maegeshoni hadi barabara ya kurukia, gizani, katika majira ya baridi kali. Kazi hiyo haina mashangilio, lakini hapo ndipo tabia ya rubani inapojulikana.

Tuitazame Fairbanks, Alaska. Mwishoni mwa Desemba jua huonekana chini ya saa 4 tu kwa siku. Vijiji vingi vya jimbo hilo havifikiki kwa barabara. Barua, vyakula na abiria hupelekwa kwa ndege ndogo, kwa hiyo giza haliwezi kuepukwa. Rubani huondoa sakitu mabawani na kuipasha injini moto. Hufifisha taa za ndani, kwani macho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwanga mkali wa ghafla huyarudisha mwanzo. Njia aliyopewa na mnara wa kuongozea ndege huiandika, kisha huifuatisha kwenye ramani ya uwanja. Akianza tu kusogea, hujaribu breki.

Mbele yake taa za buluu huonyesha kingo za viungio, yaani njia za kutembezea ndege, na nyeupe kingo za barabara ya kurukia. Bango jekundu lenye maandishi meupe humwonya kwamba barabara hiyo imefika. Chini kuna mistari minne ya njano, miwili mizima na miwili ya vipandevipande. Anayekutana kwanza na ile mizima husubiri ruhusa ya mnara. Theluji inaweza kuifunika mistari hiyo, na marundo yake yakazificha hata taa. Juu ya barafu breki hazishiki, na gizani jicho hupoteza kipimo cha mwendo. Ndiyo maana rubani mjuzi huenda kwa kasi ya mtu anayetembea, hafanyi kazi nyingine ndege ikiwa inasogea, na huzizima taa kali za kumweka ili asiwapofushe wenzake.

Kutosimama panapotakiwa kuna gharama kubwa. Tarehe 2 Januari 2024, jioni giza likiwa limeshaingia, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi iliingia barabara ya kurukia ya uwanja wa Haneda, Tokyo. Mnara ulikuwa umewaelekeza marubani wake wafike mahali pa kusubiri, wao wakaelewa wameruhusiwa kuingia. Ilikaa pale kama sekunde 40, kisha ndege kubwa ya abiria iliyokuwa ikitua ikaigonga. Watu 379 wa ndege kubwa walinusurika. Katika ndege ndogo, 5 kati ya 6 walifariki. Walikuwa watu wazoefu, tena katika safari ya huruma.

Kuuliza si ujinga, nako gizani ndiko kilele cha ustadi. Rubani anayesimama na kuuambia mnara kwamba hana hakika yuko wapi amewalinda watu asiowaona. Nawaomba wanaofundisha urubani walipe somo hili uzito ule ule wa kupaa na kutua, mpaka kila mwanafunzi aweze kutamka maneno hayo bila haya.