Istilahi na Vitenzi katika Miongozo ya Kuunda Amplifaya ya Vali

Wafasiri wengi wamezoea kuipima tafsiri kwa sikio: je, inasikika kama Kiswahili? Kipimo hicho ni chema kwa riwaya na kwa hotuba, lakini hakitoshi kwa maandishi ambayo msomaji wake ameshika koleo mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi hayo, nayo ni miongozo ya kuunda amplifaya ya vali nyumbani. Tumechagua miongozo hii kwa sababu humchukua mtu asiye fundi, ikamkabidhi vipuri vitupu, na kumfikisha mwisho wa kazi kwa maneno na picha tu. Tena humpitisha karibu na umeme unaoweza kumwua. Mahali kama hapo neno lisilo sahihi halimkeri msomaji tu, humdhuru.

Miongozo iliyo mashuhuri kuliko yote ya aina hii ni ya Marekani. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, katika jimbo la Michigan, ilianza mwaka 1947 kuuza osiloskopu ambayo mnunuzi aliiunda mwenyewe kwa vipuri alivyoletewa sandukuni. Mwaka huohuo D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro wa amplifaya ulioigwa na watu wengi sana, na Heath nao baadaye wakauza seti za kuiunda. Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya Philadelphia ilitoa Stereo 70, yenye vali 4 za EL34 na nguvu ya wati 35 kwa kila upande. Heath waliacha kutoa seti zao mwaka 1992. Hata hivyo seti za kuunda amplifaya za mtindo wa Stereo 70 zinauzwa hata leo, na vali zake bado zinatengenezwa. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya makumbusho.

Tuanze na majina, kwa kuwa huko ndiko sisi sote hukimbilia kwanza. Neno la Kiingereza la seti hizi, likiandikwa kwa tahajia yetu, hutoa “kiti”, na “kiti cha amplifaya” ni samani, si vipuri. Tutatumia “seti ya kujiundia”, na jambo hilo tuliache hapo. Kuhusu chombo chenyewe, yapo maneno mazuri ya Kiswahili, “kipaza sauti” na “kikuza sauti”. Shida ni kwamba kipaza sauti kimekwisha kupewa kazi mbili: watu hukiita hivyo chombo ambacho msemaji hukishika mdomoni, na hukiita hivyo pia chombo kinachotoa sauti mbele ya umati. Amplifaya hukaa katikati ya hivyo viwili. Tukiipa nayo jina hilo, fundi atakayeambiwa aunganishe kipaza sauti na kipaza sauti kwa njia ya kipaza sauti atakuwa na haki ya kufunga sanduku na kwenda kulala. Isitoshe, amplifaya haikuzi sauti hasa. Hukuza umeme unaoibeba sauti. Basi iitwe amplifaya, na vile vingine viitwe mikrofoni na spika, kama watu wanavyoviita tayari.

Kuhusu vali, jambo lina mvuto zaidi. Waingereza waliipa jina kwa kazi yake: chombo cha John Ambrose Fleming cha mwaka 1904 kiliruhusu umeme kupita upande mmoja na kuuzuia upande mwingine, kama vali ya bomba la maji. Wamarekani waliipa jina kwa umbo lake, yaani mrija, na Wajerumani nao huiita mrija. Wafaransa huiita taa, kwa kuwa inawaka. Kila mmoja aliona upande mmoja wa kitu kilekile. Kiswahili kinayo “vali” tayari, na walimu wa biolojia wanaitumia kwa vali za moyo. Maana ya kupitisha upande mmoja inabaki ileile. “Tyubu” tungependa ibakie kwenye gurudumu la baiskeli. “Taa” ni neno lenye ladha, lakini amplifaya nyingi zina taa ndogo ya kuonyesha kwamba chombo kimewashwa, na mwongozo hauwezi kuwa na taa za aina mbili.

Yako maneno mawili ambayo mfasiri mwenye kamusi lakini asiye na amplifaya atayakosea kwa hakika. La kwanza ni lile ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa volti hasi inayowekwa kwenye gridi ya vali ili kuuwekea mpaka umeme unaopita. Kamusi itampa “upendeleo”, na ndipo tutakaposoma kwamba kila vali irekebishwe upendeleo wake, kana kwamba tumo katika baraza la usuluhishi. Katika Stereo 70 marekebisho hayo hufanywa kwa kupima volti 1.56 kwenye rezista ya omu 15.6, maana yake ampea 0.1 inayogawanywa na vali mbili. Ni kazi ya kipimo, haina upendeleo wowote. Tunaona heri “volti ya kuzuia” kuliko neno la kamusi, maana angalau inasema inafanya nini.

La pili ni lile la “ardhi”. Katika miongozo ya Kimarekani neno moja hutumika kwa waya unaokwenda ardhini kwa ajili ya usalama na kwa bamba la chuma ambalo amplifaya yote imejengwa juu yake. Mwingereza huenda akaelewa kwa mazoea. Msomaji wetu akiambiwa “unganisha kwenye ardhi” atatazama sakafu. Bamba liitwe chasisi, na waya wa usalama uitwe waya wa ethi kama mafundi umeme wanavyouita. Tusiseme kwamba neno moja la Kiingereza lazima lipate neno moja la Kiswahili. Mahali hapa lugha yetu ina nafasi ya kuwa wazi kuliko ile inayofasiriwa, na ni kosa kuikataa nafasi hiyo kwa ajili ya utii.

Hata hivyo, tulipojaribu kufasiri kurasa za miongozo hii, majina hayakutuchelewesha sana. Kilichotuchelewesha ni vitenzi, na ndilo jambo ambalo orodha zetu za istilahi hazilitilii maanani. Orodha hutupatia nomino mia, na pengine vitenzi vitano mwishoni kama vile vitu vilivyosahauliwa sandukuni. Lakini mwongozo wa ufundi ni vitenzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua mtindo wa Heath. Kila hatua ina mabano matupu mbele yake, na msomaji huweka alama ndani yake akiisha kuitimiza. Kila waya unapofikishwa kwenye ncha fulani, mwongozo huongeza kifupisho. Kimoja humwambia msomaji asilehemu, kwa kuwa waya nyingine zitafuata hapohapo. Kingine humwambia alehemu, pamoja na tarakimu ya kuonyesha idadi ya waya ambazo sharti ziwe zimefika kwenye ncha hiyo. Tarakimu ikiwa 3 na wewe unaona waya mbili, umekwisha kujua kwamba umeruka hatua kabla hujawasha chochote. Huo ni uandishi wa hali ya juu, ingawa haumo katika kitabu chochote cha fasihi. Kosa hugunduliwa na karatasi, mapema, bila moshi.

Sasa mfasiri akiandika “usilehemu”, ameandika katazo. Msomaji mtiifu hatalehemu ncha hiyo kamwe, na amplifaya itakwaruza au itanyamaza. Kiingereza hapo huhitaji neno la ziada ili kusema kwamba wakati haujafika. Kiswahili kina umbo kamili kwa ajili ya hali hiyo: kitu hakijalehemiwa, bado kitalehemiwa. Kiambishi “-ja-” kinabeba ahadi ndani yake. Tunapendekeza kifupisho BL, yaani “bado kulehemu”, na L-1, L-2, L-3 kwa kulehemu waya moja, mbili au tatu. Na kitenzi chenyewe kiwekewe mipaka: “kulehemu” hutumika mara kwa fundi redio, mara kwa fundi wa mageti ya chuma. Huyu wa pili tayari ana neno lake, kuchomelea, na aachiwe. Wala asitokee mtu wa kutuletea “kiungo baridi” kwa lehemu ambayo haikuyeyuka vizuri ikashika juujuu. Kila kiungo kilichokwisha kupoa ni baridi. Semeni kiungo kisichoshika.

Hapa tunalo neno kwa walimu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba kurudia neno lilelile katika insha ni umaskini, na kwamba mwandishi hodari hubadilisha. Mafunzo hayo yakiingia katika mwongozo ni maafa. Rezista hutambulikana kwa mistari ya rangi: kahawia ni 1, nyeusi ni 0, nyekundu katika mstari wa tatu ni sufuri mbili, njano ni sufuri nne. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Kahawia, nyeusi, njano ni omu 100,000. Mfasiri anayeandika “kahawia” ukurasa wa 4 na “hudhurungi” ukurasa wa 9, au “zambarau” hapa na “urujuani” kule, amemtuma msomaji akatafute rezista ambayo haimo sandukuni. Rangi kumi, majina kumi, na mapambo yasubiri shairi.

Mwelekeo nao una hila zake. Pini za soketi ya vali kama EL34 huhesabiwa kwa mwelekeo wa akrabu za saa, kuanzia kwenye alama, soketi ikitazamwa kutoka chini. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayotupwa na mfasiri mwenye haraka, maana yanaonekana kama ziada. Msomaji akihesabu kutoka juu, kila pini hugeuka: ya 3 huwa ya 6, na ya 4 huwa ya 5. Pini ya 4 ya EL34 ni ya gridi ya pili, inayotakiwa kupata volti nyingi. Pini ya 5 ni ya gridi ya udhibiti, isiyotakiwa kabisa kuzipata. Maneno matatu yakidondoka, vali imekwisha.

Tumeacha mwisho kitenzi kilicho hatari kuliko vyote, nacho ni “kuzima”. Moto uliozimwa umekwisha. Taa iliyozimwa imekwisha. Katika Kiswahili kuzima ni kukomesha, na mtu aliyeambiwa “zima umeme kabla ya kugusa” akazima, ana sababu ya kuamini kwamba hakuna umeme tena. Lakini ndani ya amplifaya ya vali zimo kapasita kubwa zinazohifadhi umeme wa mkondo mnyoofu, mara nyingi wa zaidi ya volti 400, na zinaweza kubaki nao hata baada ya swichi kuzimwa na plagi kuchomolewa. Tafsiri yenye “zima” peke yake ni sahihi kwa kamusi na ni ya uongo kwa mkono.

Ubaya huongezeka tunapoiandika hatari kwa lugha ya ofisini. “Inashauriwa kwamba sehemu za ndani zisiguswe pasipo tahadhari zinazostahili kuchukuliwa.” Nani anashauri? Nani asiguse? Tahadhari gani? Tunafahamu chanzo chake: amri ya moja kwa moja kwa mtu mzima usiyemjua huonekana kukosa adabu, na barua ya serikali imetufundisha kujificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Lakini adabu kwa msomaji wa mwongozo ni kumrudisha kwake akiwa mzima. Sisi tungeandika hivi:

“Zima swichi. Chomoa plagi. Hata baada ya kuchomoa, kapasita kubwa bado ina umeme unaoweza kukuua. Usiingize mkono ndani ya chasisi mpaka uwe umeutoa umeme huo kwa rezista, si kwa bisibisi, na kuhakikisha kwa voltimita kwamba umekwisha.”

Neno “bado” limefanya hapo kazi ambayo sentensi nzima ya ushauri haikuifanya. Linalotusumbua ni “kuutoa umeme”. Tumeyakubali kwa muda tu. “Kumwaga” lina picha nzuri, lakini humfanya mtu afikiri kwamba kitu kimepotea hovyo. “Kutoa chaji” linaeleweka kwa wenye simu na betri, ila kwao chaji ni kitu kinachotafutwa, si cha kuogopwa. Mafundi wa redio na televisheni hufanya tendo hili kila siku, na haiwezekani wawe wanalifanya bila jina. Wasomaji wetu walio karibu na karakana watusaidie kulisikiliza, wakituandikia pamoja na mahali walipolisikia na sentensi nzima lilimotumiwa, kwa kuwa neno peke yake, bila sentensi yake, halitatutosha.