Mdundo Usiobadilika: Ngoma na Mizani katika Benga ya Ukambani

Benga ya Ukambani hulaumiwa mara kwa mara kwamba ngoma yake haina ubunifu. Gitaa husifiwa, na waimbaji husifiwa. Lakini ngoma ile kubwa ikanyagwayo kwa mguu, ipigayo mapigo manne yaliyo sawa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, huambiwa kuwa ni ya kuchosha. Nyimbo za Peter Mwambi na Kyanganga Boys hutolewa kuwa mfano. Makala haya yanadai kwamba hicho kiitwacho kosa ndicho kiunzi cha sanaa yenyewe, na kwamba mhakiki asiyekisikia hana msingi wa kuyahukumu maneno.

Benga ilianza kwa Waluo. Ilipoenea Ukambani katika miaka ya 1970 haikukuta masikio matupu. Kitui na Makueni (Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi 1992) zilikuwa na kilumi, ngoma ya wanawake watu wazima, ichezwayo kwa kuomba mvua na kuwaridhisha aimu, yaani mizimu. Katika kilumi mapigo hurudiwa kwa muda mrefu mpaka mchezaji apandwe. Akatizaye marudio huikatiza ibada. Paul Kavyu aliona muziki wa ngoma wa Wakamba unastahili kitabu kizima, akakitoa 1986, huku watu wa fasihi wakiendelea kunakili maneno peke yake. Hata hivyo isisemwe kuwa benga ni kilumi kilichotiwa umeme. Ngoma za kilumi hujibizana. Ngoma ya benga haijibizani na mtu. Kilichorithiwa, kwa kadiri inavyoweza kudaiwa, ni mazoea ya kuyapokea marudio bila kuyaona upungufu.

Wamarekani Weusi nao walifika hapo kwa njia yao. Fats Domino aliporekodi "The Fat Man" huko New Orleans mwaka 1949, mpigaji Earl Palmer alikazia pigo la pili na la nne wimbo mzima. Mkazo huo humvuta mchezaji upande mmoja kisha wa pili. Mapigo ya Ukambani hayana upande: yote manne ni sawa, kama hatua za mtu aendaye safari ndefu.

Faida yake katika lugha ni kubwa. Kikamba hupambanua irabu fupi na ndefu, tena kina toni. Mshororo wake haupimiki vizuri kwa kuhesabu silabi kama utenzi. Mwimbaji hubana silabi nyingi baina ya mapigo mawili, kisha huivuta irabu moja juu ya mapigo yafuatayo, na msikilizaji hapotei kwa kuwa ngoma haimngoji mwimbaji wala haimkimbii. Ngoma ndiyo mizani. Wale walioshindana juu ya mizani na vina baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi (1974) wangalipata hapa ushairi usiohesabu silabi na usiokosa kipimo. Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo si lazima uangukie pigo. Ukitangulia au ukichelewa, neno husikika kama linalosemwa barazani.

Mfano ulio mzito zaidi ni "Katelina" ya Kalambya Sisters, waliopigiwa muziki na Kalambya Boys. Kisa ni cha msichana apendaye pombe ambaye hupata mimba kila mwaka. Kikiandikwa, ni kichekesho chenye funzo, nacho kikifundishwa darasani wanafunzi watajibu kwamba dhamira ni kuwaonya wasichana. Kikisikilizwa, jibu hilo halitoshi. Sauti za wanawake hao ni nyembamba, za juu, karibu za kitoto. Chini yake mapigo yanaendelea bila kupanda wala kushuka, mwaka baada ya mwaka wa Katelina. Ngoma haimcheki wala haimhurumii. Umati unacheza. Kejeli iko hapo, katika umbali ulioko baina ya yale yanayompata msichana na mdundo usiojali, na umbali huo hauandikiki kwa herufi.

Hivyo mikusanyo ya nyimbo itolewayo na idara za lugha, yenye Kikamba ukurasa mmoja na tafsiri ukurasa wa pili, inahifadhi nusu ya kazi na kuiita kazi nzima. Ingetosha kuweka alama ndogo juu ya kila silabi inayokutana na pigo. Aidha ionyeshwe mahali wimbo ulipokatwa katika santuri za mizunguko 45, ambazo mara nyingi ziliugawa upande wa kwanza na wa pili: msikilizaji aligeuza sahani, gitaa likarudi kwa kasi nyingine, na ngoma ikaendelea kama kwamba hapana aliyenyanyua sindano.