Tezi Mlinzi: Uhakiki wa Fani ya Mpasuo Mdogo

Kama fani ni nidhamu ya kuamua nini kiingie katika matini na nini kiachwe nje, basi upimaji wa tezi mlinzi katika melanoma changa, saratani ya ngozi, ni matini iliyobana kuliko nyingi katika upasuaji wa kisasa. Daktari mpasuaji Donald Morton na wenzake waliuchapisha mwaka 1992, wakati ambapo madaktari wengi walikuwa wakifyeka tezi zote za kinena au kwapa kabla ya kujua kama zina ugonjwa. Wao walijenga hoja juu ya dai moja: limfu itokayo kwenye uvimbe hufikia kwanza tezi moja au chache, na hizo zikiwa safi, zinazofuata kwa kawaida nazo ni safi.

Wanunuzi wa nafaka wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wana mbinu iliyo jirani na hii: bambo huchomwa kwenye gunia, punje chache huanguka kiganjani, na gunia zima huhukumiwa kwa punje hizo. Tofauti yao ndiyo inayonivutia. Bambo huingia popote mkono unapopenda, ilhali tezi mlinzi haichaguliwi na daktari. Mwili wenyewe ndio unaoionyesha.

Tuufuatilie msuko wa upimaji huu kwenye unyayo wa mbeba mizigo, kwa kuwa kwa Waafrika weusi melanoma hutokea zaidi unyayoni, mahali jua lisipofika. Kwanza hukatwa kipande cha nyama, na chini ya hadubini hupimwa kina cha uvimbe kwa milimita, kipimo alichokipendekeza mwanapatholojia Breslow mwaka 1970. Uvimbe usiofika milimita 0.8 na usio na kidonda kwa kawaida hauhitaji kupimwa tezi. Ukizidi milimita 1, mgonjwa hupendekezewa kupimwa tezi. Dawa yenye mionzi hafifu hudungwa kandokando ya kovu, kamera ikafuata safari yake, kisha mgonjwa akiwa mezani hudungwa rangi ya buluu. Msomaji mwenye haraka angetabiri kinena, na mara nyingi angepatia. Lakini kuna wakati limfu ya mguu husimama kwanza nyuma ya goti, na daktari aliyeipuuza picha akapasua kinena peke yake atakuwa ameruka ukurasa. Tezi iliyotiwa buluu hutolewa kupitia mpasuo mfupi, hukatwa vipande vyembamba katika tabaka kadhaa na kutiwa rangi maalumu, ili hata kishada kidogo cha seli kisijifiche.

Je, usomaji huu huponya? Hapana, na heshima yangu kwake inatokana na kutojidai hivyo. Matokeo ya mwisho ya jaribio kubwa la Morton, yaliyotolewa mwaka 2014, hayakuonyesha kwamba vifo vya melanoma vilipungua kwa wagonjwa waliopimwa tezi, wakichukuliwa kwa jumla. Jaribio lililofuata, la mwaka 2017, lilikwenda mbali zaidi: hata tezi mlinzi ikiwa na ugonjwa, kuziondoa zote zilizobaki hakukurefusha maisha kuliko kuzifuatilia kwa altrasaundi, na uvimbe wa limfu uliwapata asilimia 24.1 ya waliofyekwa dhidi ya 6.3 ya waliofuatiliwa. Sisi wa pwani, tunaoyajua matende, hatuhitaji kuelezwa mguu uliovimba namna hiyo humgharimu nini mtu anayekula kwa kutembea. Thamani ya kipimo imo katika kutabiri: humweka mgonjwa katika hatua yake halisi na kuonyesha nani anahitaji dawa zaidi.

Ila fani hii inahitaji mgonjwa afike mapema. Mtoki ukishapapaswa kwa vidole, hakuna cha kutafuta kwa buluu. Sindano nyembamba yatosha kuthibitisha. Kwa wenye ualbino hali ni nyingine, maana saratani inayowasumbua zaidi ni ya seli bapa, na melanoma kwao ni nadra.

Kutoka Kariakoo hadi hospitali ya Muhimbili ni mwendo mfupi, na taasisi ya saratani ya Ocean Road, katika jengo la Wajerumani la mwaka 1897, si mbali. Ewe unayeshinda umesimama sokoni, vua ndala leo uzitazame nyayo zako na za mwenzako: doa jeusi linalopanuka, au kidonda kisichopona, lionwe na daktari kabla mtoki haujavimba.